Sentimita Mia na Arobaini na Tatu

Kwanza ujue kwamba Mama Futi ni mrefu. Simaanishi mrefu kiasi. Namaanisha mrefu wa kufanya watu wageuze shingo barabarani. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, humfikia sikioni, na wakikwaruzana humwambia, "Keti kwanza, nisiongee na dari." Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu ameshona nguo katika chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye mlango mfupi ajabu, na kwa miaka yote hiyo ameingia kazini kwake ameinama. Mwenye nyumba aliombwa mara nyingi aruhusu mlango uinuliwe. Jibu lake lilikuwa moja: nyumba yake, mlango wake, asiyeweza kupita atafute pengine.

Jina la Mama Futi alipewa na wateja, kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Ameenda nayo hospitalini, ameenda nayo msibani, na siku moja alipokea nayo barua ya posa ya binti yake, wakwe wakadhani ni mkufu wa kisasa. Macho yake nayo ni futi ya pili. Ukisimama mlangoni tu ameshajua kiuno chako, na kama umenenepa tangu mara ya mwisho atakwambia mbele za watu, bila simile.

Ila ana tabia moja ya kazi ambayo lazima niiseme mapema, maana ndiyo iliyobeba kisa chote hiki. Mama Futi hapimi kichwa. Hajawahi. Kwake yeye mtu huanzia begani na kuishia kwenye kifundo cha mguu. Kilicho juu ya hapo ni shauri la msusi. "Kichwa hakivai gauni," husema, huku chaki ikiwa mdomoni.

Basi, miaka kumi na moja nyuma alikuja wakala wa kampuni moja ya akiba, ile yenye jengo la vioo katikati ya mji. Kijana mtanashati, tableti mkononi, maneno yakimtoka kama maji ya bomba. Alikuwa akiuza mpango wa akiba uliofungamana na bima ya maisha. Mama Futi alisikiliza huku akipindua kola, kisha akauliza swali moja: je, akiweka kila mwezi bila kukosa, siku moja ataweza kukinunua chumba hiki? Wakala akasema ataweza. Mama Futi akasema, "Andika."

Maswali yakaanza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, mrithi, magonjwa. Kisha wakala akauliza, "Urefu wa mama?" Mama Futi akavua futi shingoni, akamwita mumewe aliyekuwa akisoma gazeti mlangoni. "Baba, shika hapa begani." Mzee akashika ncha moja kwa mkono mmoja, gazeti kwa mkono wa pili. Mama Futi akainama, akaivuta mpaka kwenye kifundo, akasoma kwa sauti ya mtu anayejiamini: "Mia na arobaini na tatu."

Wakala akaandika. Kama angeinua macho mara moja tu akamtazama yule mlingoti wa mtu aliye mbele yake, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Hakuinua. Alipouliza uzito, Mama Futi alipunguza kilo sita, na hilo alilifanya kwa makusudi mazima. Lakini urefu aliutaja kwa moyo safi.

Miaka ikapita, akiba ikawekwa. Kuna miezi walikula kwa kubanabana, kuna miezi cherehani iliharibika, lakini ule mchango haukukosa. Hata mwenye nyumba alipotangaza kwamba anauza, Mama Futi hakutetereka. Mpangaji ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza: miezi mitatu, baada ya hapo chumba kinakwenda kwa muuza simu wa duka la tatu, ambaye alikuwa tayari na fedha mkononi. Mama Futi alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Mkataba wake ulikuwa unaiva mwezi uliofuata.

Wiki moja baadaye, asubuhi, akiwa anapiga pasi sketi za shule, simu yake ikaita mlio wa ujumbe. Ulikuwa ujumbe mrefu, wa heshima kupita kiasi. *Mteja wetu mpendwa, ili tukulipe akiba yako, thibitisha taarifa zifuatazo.* Chini yake yakafuata yote: jina lake kamili, tarehe, kitambulisho, jina la mumewe kama mrithi, urefu sentimita 143, uzito. Mwisho akaombwa atume namba yake ya siri.

Alimwonyesha mzee. Mzee akasoma, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kilo hizi ni za nani? Za mguu mmoja?"

"Nyamaza wewe," Mama Futi akasema, na kwa kuwa pasi ilikuwa inaungua, akaweka simu pembeni. Hakujibu. Wala hakuufuta ule ujumbe, kwa sababu moja nyepesi: hajui kufuta ujumbe. Simu ya Mama Futi ina salamu za sikukuu za miaka saba iliyopita.

Siku ya tatu ukaja ujumbe mwingine, huu ukitoka kwa kampuni yenyewe. *Asante. Ombi lako la kuvunja mkataba limekamilika na malipo yametumwa kwa namba yako mpya.* Mama Futi alisoma mara mbili. Hakuwa na namba mpya. Akakaa juu ya rundo la vitambaa vya watu.

Kwenye jengo la vioo walimpokea kwa maji baridi na kiti laini, na mimi huwaogopa watu wanaokupa kiti laini kabla hujasema shida yako. Ofisa wa huduma kwa wateja alikuwa na umri wa kitinda mimba wake. Alitazama skrini, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kufundishwa.

"Mama, hapa inaonyesha mtu alipiga simu, akajibu maswali yote ya usalama sawasawa, akabadilisha namba. Taarifa hizo anazijua mama mwenyewe tu. Kuna mtu ulimpa."

"Sijampa mtu yeyote."

"Labda umesahau, mama. Watu wazima mnarubuniwa sana siku hizi."

Hapo ndipo ilipomuuma. Kuibiwa ni jambo moja. Kuambiwa umejiibia mwenyewe kwa ujinga wako ni jambo lingine kabisa. Na alipofika nyumbani, mumewe wa miaka thelathini na mbili akamuuliza kwa upole, bila kumtazama usoni, "Mama, una hakika hukuijibu ile meseji?" Mama Futi hakula siku hiyo.

Kabla wiki haijaisha habari zikazagaa: wadukuzi walikuwa wameingia kwenye mitambo ya kampuni. Wateja wengine nao walikuwa wakilia, kati yao mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati aliyekuja dukani kupunguziwa suruali na kuishia kumwaga machozi. Kampuni ikatoa tangazo la lugha tamu. Ilikiri kuwa "kulikuwa na jaribio," ikakana katakata kwamba taarifa ya mteja yeyote imetoka nje. Waliopoteza fedha, ikasema, walidanganywa huko waliko. Hata hivyo, kwa ubinadamu tu, itawapa kifuta jasho wale watakaotia sahihi karatasi moja.

Karatasi hiyo ililetwa mpaka dukani. Kifuta jasho chenyewe kisingenunua hata bawaba za ule mlango.

"Tia sahihi," mzee akasema. "Nusu shari. Muda unakwenda."

Ulikuwa unakwenda kweli. Muuza simu alishaanza kuja kupima chumba kwa ajili ya makabati yake. Alipima vibaya, futi yake ikiwa imelegea katikati, na Mama Futi, japo moyo ulikuwa unamvuja damu, alishindwa kuvumilia. Alimpokonya, akaivuta ikanyooka, akamsomea kipimo sahihi. "Ukitaka kunitoa, nitoe kwa vipimo vya kueleweka," akamwambia.

Karatasi hakuitia sahihi. Alikuwa na mteja wakili, binti mmoja mfupi mwenye maneno machache, ambaye joho lake la kuapishwa alilishona yeye. Akaikunja karatasi, akaenda nayo ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la rangi.

Wakili aliisoma akiwa amesimama. "Mwanangu, inasemaje?" Mama Futi akauliza.

"Inasema wakikupa hiki, basi. Hutawadai tena, hutalalamika popote, hata ikija kujulikana kosa ni lao. Mama, usiiguse."

"Na nisipoigusa nafanya nini? Maana mimi mahakama naiona kwenye taarifa ya habari tu."

Wakili akakaa, akamweleza polepole, na Mama Futi alilipenda hilo. Njia zipo zaidi ya moja, alisema. Kwanza kuiandikia kampuni malalamiko rasmi, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, ili wasije wakasema hawakuambiwa. Na katika barua hiyohiyo kudai nakala ya kila kitu walichonacho juu yake, kwa sababu taarifa za mtu ni za mtu, na sheria inampa haki ya kuziona. Wakimzungusha, au wakikana, kuna tume inayosimamia mambo ya taarifa za watu. Inasikiliza haraka kuliko mahakama na inaweza kuamuru fidia. Wenye shida moja wanaweza kwenda pamoja. Mahakama nayo ipo, ila ni safari ndefu, na Mama Futi hakuwa na muda wa safari ndefu.

"Shida ni moja," wakili akamalizia. "Watasema taarifa zako zingeweza kutoka popote. Hospitali, ofisi ya kitambulisho, duka la laini za simu. Jina lako ni lilelile kila mahali. Tutaonyeshaje kwamba zilitoka kwao?"

Barua iliandikwa hata hivyo. Yeye na mwalimu wa hisabati waliipeleka wenyewe, na hawakuondoka mapokezini mpaka muhuri ulipogonga karatasi.

Kampuni ikavuta miguu hadi siku ya mwisho kabisa, kisha ikatuma bahasha nene. Wakili aliifungua Mama Futi akiwa ameketi mbele yake. Akapekua ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimamisha kidole.

"Mama, samahani. Urefu wako ni ngapi?"

"Mia na arobaini na tatu," Mama Futi akajibu, kama mtu anayetaja jina lake.

Wakili akamtazama. Akatazama magoti yake yaliyogota kwenye meza. Akamwomba asimame, naye akasimama, akawa anakaribia kugusa feni. Wakili akasimama pia, akamfikia kidevuni. "Mama, mimi nina mia na hamsini na tano. Wewe umekuwaje mfupi kuliko mimi?"

"Unaanzia wapi kupima?"

"Utosini!"

"Utosini?" Mama Futi alishangaa kweli kweli. "Kichwa nacho unakipima cha nini?"

Yule binti wa maneno machache aliangua kicheko mpaka mwenye duka la rangi akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Alicheka, akafuta macho, akacheka tena. Kisha ghafla akauvuta tena ule ukurasa wa tatu.

"Ule ujumbe," akasema. "Ule wa matapeli. Uliufuta?"

"Mimi najua kufuta?"

Walipitia salamu za sikukuu zote, matangazo ya mikopo, na picha za wajukuu, mpaka wakaukuta. *Urefu: sentimita 143.* Wakili aliiweka simu juu ya ule ukurasa wa tatu, namba kwa namba. Hospitalini, cheti cha Mama Futi kilisema mia na sabini na nane, kwa sababu muuguzi alimsimamisha kwenye mti wa kupimia mwenyewe. Hakuna daftari wala mtambo chini ya jua uliokuwa na Mama Futi wa sentimita mia na arobaini na tatu, isipokuwa mmoja, ndani ya jengo la vioo.

"Wamekwisha," wakili akasema kwa sauti ndogo.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa tume ulijaa. Mwalimu wa hisabati alikaa mstari wa mbele na wenzake kumi na wanne. Mzee alivaa suti ya harusi ya binti yao. Wakili wa kampuni alikuwa bwana mkubwa mwenye sauti nzito na koti la bei, ambalo Mama Futi alikwisha kuliona kuwa linamkaba kwapani. Aliongea kwa nusu saa. Taarifa za mlalamikaji, alisema, ni za kawaida na ziko kila mahali. Hakuna hata moja ambayo kampuni pekee ndiyo iliyokuwa nayo. Hata moja. Aliirudia mara tatu, na kila aliporudia, binti mfupi alikuwa akiandika kitu kwenye karatasi yake kwa utulivu wa mtu anayengojea chai ichemke.

Zamu yake ilipofika, aliomba jambo moja tu: mlalamikaji asimame.

Mama Futi akasimama, na akaendelea kusimama, maana kusimama kwake huchukua muda. Wakili akampa mwenyekiti wa tume ukurasa wa tatu, simu, na cheti cha hospitali. Mwenyekiti, mwanamama wa makamo mwenye miwani, akasoma. Akainua macho. Akasoma tena.

"Mama, umeandikwa una sentimita mia na arobaini na tatu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huo ni urefu wa mtoto wa darasa la tano."

"Ni kutoka begani, mheshimiwa. Mimi ni fundi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wakili wa kampuni akaruka juu: hilo ni kosa la mlalamikaji mwenyewe, na labda huwa anawatajia watu wote kipimo hicho! Mama Futi akamgeukia taratibu.

"Baba, mwaka wa thelathini huu nauliza watu vipimo. Hakuna aliyewahi kuniuliza changu, isipokuwa kijana wenu. Na hata yeye hakunitazama." Akainyoosha futi shingoni. "Nyinyi mlisema mnanijua. Mkasema ni mzee, nimesahau, nimetoa siri yangu. Hamjui hata kama mimi ni mrefu au mfupi."

Hakucheka mtu. Mwenyekiti akavua miwani, akamtazama wakili wa kampuni. "Tunasubiri, mwanasheria. Kipimo hiki wahalifu walikitoa wapi?"

Bwana mkubwa alifungua jalada, akalifunga. Akainama kunong'ona na wateja wake. Koti likambana kwapani, na Mama Futi, Mungu amsamehe, alifurahi kuliko anavyopaswa mtu wa dini.

Uamuzi ulitoka wiki mbili baadaye. Tume iliona kwamba taarifa zilivuja kutoka kwenye kampuni, kwamba kampuni ilijua na ikakana, na kwamba ile karatasi ya kifuta jasho haina nguvu hata kwa walioitia sahihi, kwa kuwa walidanganywa kabla ya kusaini. Mama Futi arudishiwe akiba yake yote, na juu yake fidia ya usumbufu na ya kudhalilishwa. Mwalimu na wenzake nao wakapata haki yao kwa mlango uleule, maana mtambo uliovujisha ukurasa mmoja haukubagua mingine. Mwalimu alimkumbatia Mama Futi kiunoni, alipofikia, akalia tena, safari hii kwa raha.

Nyumbani mzee alimsubiri amekaa sebuleni na suti yake. "Nilikuuliza kama uliijibu ile meseji," akasema. "Nisamehe, mama."

"Ulishika begani vizuri," Mama Futi akamjibu. "Ungeshika kichwani tungekuwa barabarani sasa hivi."

Fedha ziliingia siku nne kabla ya muda wa mwenye nyumba kuisha. Mama Futi alilipa, akatia sahihi, akapewa hati yenye jina lake. Kampuni nayo ilimpigia simu: binti mwenye sauti ya asali akamwambia ana haki ya kusahihishiwa taarifa zake, je, warekebishe ule urefu? "Msiuguse," Mama Futi akasema. "Ndio ulionitambulisha."

Asubuhi iliyofuata hakufungua cherehani. Alimleta fundi mwashi na nyundo yake mbele ya ule mlango mfupi. Muuza simu alikuja kutazama, mwalimu alikuja, wakili alikuja na joho lake mkononi, mzee alikuja na gazeti.

"Mama, una urefu gani?" mwashi akauliza. "Nijue nikate wapi."

Watu wote wakamtazama Mama Futi, wamebana midomo. Yeye akavua futi shingoni, akamkabidhi mwashi, akaegemeza mgongo ukutani, visigino vikigusa.

"Pima mwenyewe," akasema. "Na leo anzia kichwani."

Jioni, vumbi lilipotua, aliingia dukani kwake akiwa amenyooka. Alipofika ndani alisimama kidogo, kisha akatoka nje, akaingia tena.